Fundi wa Mipira ya Pumzi

Fundi alikuwa na duara jeusi kuzunguka midomo. Halikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Lilitokana na kazi: kila mpira alioutoa kwenye injini aliutia mdomoni, akaupuliza, asikie kama hewa inapita. Vipimo vya kisasa hakuwa navyo, na nadhani hata angepewa angeviweka kabatini. Alifumba macho, akapuliza, akasikiliza, akatema mate pembeni. "Umekufa huu," angesema. Au, "Huu una miezi miwili." Na kweli ungehesabu miezi miwili, si zaidi.

Ipagala, hapa Dodoma, ilikuwa na mafundi wengi, wa kuchomelea, wa cherehani, wa redio, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno watu walikuelekeza kwake: kiwanja cha vumbi kilichozungushiwa mabati chakavu, jiwe la kukalia, na gari la mtu limeachama boneti. Jina lake nalijua. Sitaliandika hapa, maana nimeshalichafua vya kutosha.

Niliseme hilo mapema, msije mkadhani mimi ni mtu mwema anayemkumbuka mzee wake. Mke wangu, Mama Neema, aliamini kwamba Fundi ndiye aliyesababisha kifo cha mama yake. Aliamini hivyo miaka tisa, na akawaambia watu. Mimi nilijua tangu siku ile ile kwamba si kweli. Sentensi moja tu ingemsafisha mzee wa watu, na sentensi hiyo nilikuwa nayo mdomoni, nikala nayo, nikalala nayo, nikaenda nayo kanisani na kurudi nayo.

Nilimfahamu kwenye karakana ya serikali, mimi dereva wa ofisi, yeye fundi. Enzi zile spea hazikuwepo. Gari likiharibika unaandika barua, barua inaomba kibali, na kibali kinarudi baada ya miezi kikisema spea hakuna. Fundi hakungoja barua. Nyuma ya karakana kulikuwa na magari yaliyokufa yamelala kwenye majani, naye aliyajua kama mtu anavyojua makaburi ya ukoo wake. Alikata mpira huku, akakata huku, akaichemsha kwenye debe kwa sabuni ya kufulia, akaianika kwenye kamba pamoja na ovaroli yake.

Mafundi wenzake walipenda kazi kubwa. Kushusha injini, watu wajae, watazame. Yeye alipenda mipira. Na si mipira ya maji ya rejeta, hapana, ile hata mwenye gari anaijua. Alipenda ile mifupi, miwili au mitatu, inayotoa moshi kwenye tumbo la injini na kuurudisha kwenye njia ya hewa ukaunguzwe upya. Injini ikichakaa moshi huo unazidi, na mipira ikiziba au ikipasuka, hasara yake inatokea mbali kabisa, mtu asijue ilikoanzia. Fundi aliiita mipira ya pumzi. Akiletewa gari lolote, hata kama mwenyewe kaja kwa ajili ya breki, alianza kwanza kupapasa mipira ya pumzi.

Kuna bwana mmoja wa ofisi kubwa alikuja kutoka Morogoro na gari linalotema oili kila mahali. Alikuwa amevaa suti ya mikono mifupi, na mfukoni kalamu tatu. Akaanza kumfundisha Fundi kwamba tatizo ni sili za kuzuia oili isivuje, abadilishe zote. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Mheshimiwa, ziba mdomo na pua, kimbia mpaka kwa yule muuza maji, urudi."

"Nini?"

"Ziba, ukimbie."

Nikajua leo tunafukuzwa kazi wote. Lakini yule bwana, sijui ni jua au ni nini, akakimbia kweli! Mkono mmoja puani, kalamu zinaruka mfukoni. Alirudi macho yamemtoka, anahema kama mbuzi aliyefukuzwa.

"Basi gari lako linakimbia hivyo tangu Morogoro," Fundi akasema. "Sili hazina kosa. Pumzi imekosa pa kutokea, imejitobolea yenyewe."

Akampulizia mpira mbele ya macho yake. Ulikuwa umejaa masizi kama bomba la jiko.

Neno lake kubwa lilikuwa hilo: usizibe. Madereva wengi waliziba. Mpira ukianza kutoa moshi unaonuka, mtu anaingiza boliti, au kipande cha mti, au anaukunja na kuufunga kwa waya, kisha anafurahi kwamba harufu imeisha. Fundi akikuta gari limefanyiwa hivyo alikasirika kweli kweli. Alikuwa mzee wa kanisa, lakini siku hizo matusi ya Kigogo yalimtoka mpaka wanawake waliokuwa wakipita na ndoo walicheka na kuongeza mwendo.

Ikaja ruksa, biashara zikaachiwa huru. Maduka yaliyokuwa yanauza chumvi na viberiti yakaanza kuuza redio, baiskeli, matairi, spea za kutoka Dubai na kwingineko. Serikali nayo ikaanza kujipunguza. Mimi na Fundi tulipunguzwa mwaka mmoja. Barua zetu zilichapwa kwa taipureta moja, najua, kwa sababu kila herufi e ilikuwa imejaa wino, yangu na yake. Karakana ikafungwa, magari yakapigwa mnada. Fundi alichukua kiinua mgongo chake akanunua jiliwa la kubania vyuma na mabati. Mimi nikanunua pikapu ileile niliyokuwa naendesha, nzee, ya bluu, nikaanza kubeba mahindi kutoka Kibaigwa na vitunguu na maharage kutoka Kibakwe, kwao na mke wangu.

Mipira mipya ilipoanza kuingia madukani, myeusi, inang'aa, imefungwa kwenye nailoni, Fundi aliishika kama mtu aliyepewa mtoto ampakate. Aliinusa. Aliipinda. Nilimwona akitabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila mwezi. Wiki ya tatu ikaanza kurudi. Oili ya moto ilikuwa imeilainisha, imelegea kama ugali uliosahaulika kwenye mchuzi, na injini ikivuta hewa mpira unajibana wenyewe. Fundi aliupanga msururu wa mipira ile juu ya jiwe lake akaitazama muda mrefu.

"Zamani mpira haukuwepo," akaniambia. "Sasa upo, lakini si mpira."

Tangu siku hiyo akabuni utaratibu wake. Mpira wowote wa dukani alikata kipande cha urefu wa ukucha, akakitumbukiza kwenye kopo la oili chakavu, akakiacha siku mbili juani. Makopo yalipangwa kwenye ubao kando ya bati, kila kopo limeandikwa kwa chaki jina la mwenye gari. Kipande kikivimba, mpira unatupwa na wewe unatafuta mwingine, siku mbili nyingine. Watu walichoka. Gari lilale siku nne kwa mpira wa urefu wa kidole! Mjini gereji zilikuwa zinaota kila kona na kila moja inamaliza leo leo.

"Kama una haraka, mji una mafundi," Fundi alijibu, na hakusema kwa hasira. Alikuwa anakuelekeza tu.

Lakini msimfanye malaika. Mtu huyu aliyehubiri pumzi alikuwa mtu wa ugoro. Pua yake ilikuwa imeziba mwaka mzima, alizungumza kama mwenye mafua. Nyumba yake ilikuwa na madirisha mawili, yote amepigilia mbao kwa sababu ya vumbi la Dodoma. Mkewe alinikaribisha uji siku moja, jasho linamtiririka. "Anapumulisha magari ya watu," akasema, "sisi humu ndani tunaiva." Fundi alikuwapo, akanywa uji wake kama hakusikia.

Tena hakujua kuendesha gari. Mtu aliyezaliwa na masikio ya injini, na hajui kuondoa gari kutoka hapa mpaka pale! Alikuwa anaogopa. Nikimpa lifti alishika mlango kwa mikono miwili na kufumba macho kwenye kona, na Dodoma mjini kona zenyewe ziko ngapi? Nilimtania, "Fundi, hili gari si umelitengeneza wewe?" Akajibu bila kufumbua macho, "Ndiyo maana naogopa. Nimeliona ndani."

Pikapu yangu ilikuwa mteja wake wa kudumu. Ringi za pistoni zilikuwa zimechoka, moshi tumboni ni mwingi, na ringi mpya nilikuwa nasema nitanunua, nitanunua. Mara ya mwisho aliniwekea mipira mipya miwili, iliyolala kwenye kopo siku tano bila kuvimba. Mmoja aliufunga mahali pake. Wa pili, kwa kuwa moshi ulikuwa umezidi na injini ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe, akaushusha chini ya gari, upumulie barabarani mpaka nitakapoleta ringi.

"Harufu itaingia ndani," akasema. "Sakafu ya gari lako ni chujio. Vumilia. Fungua kioo. Usiuzibe."

"Nimekusikia, Fundi."

"Hujanisikia. Sema."

"Nisemeje?"

"Sema hutauziba."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisimama na spana mkononi akanisubiri, mimi mtu mzima mwenye mke na mtoto. Nikasema, "Sitauziba." Ndipo akafunga boneti.

Wiki mbili baadaye zikaja habari kutoka Kibakwe kwamba mama mkwe hajiwezi, kifua kimembana. Tukaondoka mimi na Mama Neema kwenda kumchukua tumpeleke hospitali Mpwapwa. Tulimkuta amekaa, hawezi kulala, kila pumzi anaitafuta. Tulimpandisha mbele. Mke wangu alikaa katikati, kwa sababu kwa desturi ya kwao mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Miaka yote ya ndoa yangu yule mama hakuwahi kunitamkia neno moja kwa moja. Alipitia kwa binti yake. "Mwambie mkwe chai iko tayari." "Mwambie mkwe safari njema." Na mimi nikajibu, "Mwambie mama nashukuru," wote tumekaa kwenye chumba kimoja. Nilimpenda sana, na sijawahi kumtazama usoni zaidi ya kidogo.

Ilikuwa asubuhi, jua bado halijakaza. Tulipoanza kupanda vilima, ile harufu ikaja. Mama akaanza kukohoa. Tulifungua vioo, likaingia vumbi, akakohoa zaidi. Tukafunga, harufu.

"Baba Neema," mke wangu akasema, "hii harufu itammaliza mama."

Nilisimamisha gari. Nyuma kulikuwa na dumu dogo la maji ya kunywa. Kifuniko chake kilipotea zamani, nikawa naliziba kwa gunzi la hindi kama kila mtu anavyofanya. Nilichomoa lile gunzi, nikalichonga kwa kisu mpaka likaingia, nikalala chini ya gari, nikaupata mpira wa Fundi na kuuziba. Nililigonga kwa jiwe likazama vizuri. Nilikumbuka ahadi yangu? Nilikumbuka. Nikasema ni mpaka Mpwapwa tu.

"Kulikuwa na mpira umelegea," nikamwambia mke wangu. "Nimekaza."

Harufu ikaisha kabisa. Mama akatulia, akapumua. Baada ya muda nikamsikia anasema kwa sauti ndogo, "Mwambie mkwe ahsante."

Labda nusu saa ilipita. Taa nyekundu ya oili ikawaka, lakini taa hiyo ilikuwa na ugonjwa wake, inawaka na kuzima tangu enzi za ofisi, sikuitilia maanani. Tulikuwa kwenye mlima mrefu. Nikasikia harufu ya oili inayoungua, moshi mweupe ukaja juu ya boneti, na injini ikatoa mlio ambao kila dereva anaujua na anaomba asiusikie. Ikanoki. Nilipofungua, kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimerushwa nje, oili imetapakaa kote, juu ya ekzosi, mpaka chini kwenye mawe. Hakuna kilichobaki ndani.

Ilikuwa saa tano. Hakukuwa na gari. Alipita mtu mmoja wa baiskeli, tukamtuma. Mama akaomba maji. Mke wangu akachukua dumu na kulikuta limelala, tupu, sakafu ya pikapu imeshakauka.

"Gunzi la dumu liko wapi?"

"Limeanguka njiani," nikasema.

Mama akaomba tena maji baadaye. Mke wangu akatembea mpaka kwenye kona ya chini kutazama kama kuna gari, akarudi mikono mitupu. Saa kumi kasorobo mama alikuwa ameegemea mlango, na hakuwa akipumua tena. Lori lilikuja saa kumi na moja. Kitu kimoja nakumbuka, sikulia. Nilingoja kilio kije, hakikuja. Nilikuwa naangalia mikono yangu ina oili, nikawa nawaza nitaifutia wapi.

Fundi alifika Kibakwe siku ya tatu ya msiba. Mtu aliyefumba macho kwenye kona za mjini alipanda juu ya lori la magunia, akavuka vilima vyote vile ameshika kamba. Alishuka mweupe kwa vumbi. Akatoa pole kwa wazee, akasalimia, "Mbukwa," akainamisha kichwa kwa kina mama. Kisha akaenda kwenye pikapu, ambayo trekta ilikuwa imeivuta mpaka uani, akafungua boneti. Akalala chini yake. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake, sikusogea.

Mke wangu akatoka kwa wanawake, kanga kichwani. "Fundi, ni nini kilichoharibika?"

Alikuwa ameshasimama, ametugeuzia mgongo. Alifuta mikono kwenye suruali.

"Mipira, mama," akasema. "Mipira yangu."

"Uliiweka wewe?"

"Niliiweka mimi."

"Mume wangu alikaza mmoja njiani. Ulikuwa umelegea."

Hapo Fundi akageuka akanitazama. Hakunitazama kwa chuki. Aliniangalia kama anavyoangalia nati, kuona kama imekaza au bado. Mimi nikaangalia chini. "Inawezekana, mama," akamwambia mke wangu. "Nisamehe."

Mama Neema hakumsamehe. Alimwambia aondoke, na Fundi akaondoka bila kula. Jioni nilikwenda kuangalia ule mpira. Ulikuwa wazi, hauna kitu. Nikajiambia gunzi lilichomoka lenyewe kwa nguvu ya moshi, Fundi hakuliona. Nililishika wazo hilo kwa sababu lilinifaa.

Maneno ya mtu aliyefiwa yanatembea. Kwenye kwaya, sokoni, kwenye foleni ya maji, watu waliambiwa kuhusu fundi aliyefunga mipira mibovu mama wa watu akafa mlimani. Wenye magari wakaanza kupunguka. Makopo ya oili juu ya ubao yakabaki matatu, halafu moja, halafu mvua ikayajaza maji. Mimi nikawa napita barabara nyingine. Niliiuza pikapu kama chuma chakavu na kuajiriwa udereva kwenye nyumba ya wageni, nabeba wafanyakazi wa bunge na mabegi yao. Nilikula, nililala, nilifanya kazi. Mtoto wetu wa pili alizaliwa, wakanipa nimshike, nikawa nangoja furaha ije. Nikamrudisha kwa nesi. Nilikuwa nimekufa ganzi, na kusema kweli niliona ni nafuu.

Nilijiambia namkinga mke wangu. Yeye ndiye aliyesema harufu itammaliza mama. Akijua niliziba kwa sababu ya neno lake, si atajilaumu yeye? Sababu nzuri sana hiyo, nimeitumia miaka tisa. Nyuma yake kulikuwa na woga tu.

Mwaka jana gari la nyumba ya wageni likaanza kunuka. Nikalipeleka gereji moja ya mjini, sakafu ya saruji, fundi kavaa ovaroli safi. Akafungua boneti, akashika kampira kanakotoa moshi, akasema, "Haka hakana kazi, mzee. Tunakaziba tu." Akawa ameshachukua boliti.

"Usizibe," nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa mpaka watu wakageuka. Nikaliondoa gari pale, nikaenda moja kwa moja Ipagala.

Kiwanja kilikuwepo, mabati yameisha. Fundi alikuwa amekaa kwenye jiwe lake anakata makatambuga kutoka kwenye tairi chakavu. Alikuwa amekonda, na lile duara jeusi la midomoni lilikuwa limefutika. Nilisimama kidogo, nikimwangalia midomo kama vile nimekosea mtu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Mguu."

Nikavua kiatu, nikaweka mguu juu ya tairi. Akauzungusha kwa chaki.

"Fundi, nimekuja kwa jambo la Kibakwe."

"Sema."

"Niliuziba mpira. Kwa gunzi."

"La dumu," akasema, kisu kinaendelea kukata. "Lilichongwa upande mmoja kwa kisu butu."

"Uliliona?"

"Nililitoa kwa koleo. Lilikuwa limevimba kwa oili, likagoma."

"Ukalifanyaje?"

"Nikalitupa. Ulitaka nilifuge?"

"Kwa nini hukusema, Fundi?"

Hapo akaweka kisu chini. "Niseme pale? Mkeo ana kanga kichwani, kaburi la mama yake bichi? Nikasema, huyu bwana nimpe siku arobaini, atasema mwenyewe. Arobaini zikapita. Nikasema basi mwaka. Halafu nikaacha kuhesabu."

"Nimekuharibia kazi yako."

"Magari yalibadilika. Watu walikuwa na haraka. Si wewe peke yako." Akachukua ugoro, akavuta, akafuta pua. "Lakini na wewe umo."

Aliuvuta mguu wangu wa pili karibu, akauchora. Alikata, akatoboa, akapitisha ukanda, kazi safi kama zamani. Alipomaliza akauliza, "Mkeo anajua?"

"Hajui."

"Basi kwangu hujafika. Hapa umekuja kununua makatambuga." Akanivalisha moja moja, akakaza ukanda, akajaribu kwa kidole kama haubani. "Vaa, uende nyumbani."

Nilimkuta Mama Neema uani, amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Beseni la punje mbele yake, rundo la magunzi pembeni. Akaangalia miguu yangu.

"Makatambuga? Umeyatoa wapi?"

"Kwa Fundi."

Mikono yake ikasimama, kisha ikaendelea. Nikakaa chini, karibu na magunzi, nikamwambia. Nilianzia pale niliposimamisha gari na kumalizia na mpira niliokuta wazi jioni ile. Sikuruka kitu isipokuwa kimoja. Hakunikatiza. Lile hindi mkononi likaisha punje, akaendelea kulizungusha likiwa tupu.

"Ndiyo maana dumu lilikuwa limemwagika," akasema.

"Ndiyo."

"Mama aliomba maji mara mbili."

Hicho ndicho nilichokuwa nimekiruka.

"Mara tatu," nikasema. "Ulipokwenda kwenye kona, aliniomba mimi. Hakusema mwambie mkwe. Alinigeukia akasema, 'Mwanangu, maji.'"

Mama Neema aliliweka gunzi kwenye rundo. Alisimama, akakung'uta makapi kwenye gauni, akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga ya kutokea. Alinipita kama mtu asiyenijua, kisha akasimama langoni.

"Bado anakaa pale pale?"

"Pale pale."

Akaenda. Hakuniambia nimfuate, na mimi nilibaki nimekaa kwenye magunzi, nalia.